Jiwe Lililolia kwa Dokta wa Meno

Ukifika Usa River ukaingia kwenye ua wa hoteli, wa kanisa au wa mtu mwenye magari mawili, angalia chini. Kuna uwezekano mkubwa unakanyaga kazi ya mume wangu. Gadiel ni fundi wa pevingi, vile vitofali vya saruji vinavyopangwa uani ili watu wasikanyage tope, na kwa kazi hiyo tumemsomesha mtoto wetu Hope mpaka chuo cha Makumira. Mimi nauza maparachichi sokoni. Jina langu ni Anyesi, ila tangu nijifungue hakuna anayelikumbuka, na Mama Hope inanitosha.

Nimsifu kwanza kabla sijamsema. Gadiel anapenda kujua. Akiletewa mchanga haupokei hivi hivi. Anauchota, anausugua kiganjani, anaunusa, kisha anamuuliza dereva umetoka mto gani. Mchanga wa kwetu Kikwe ni mweusi, na ukipitisha sumaku juu yake punje zinarukia na kuning'inia kama ndevu. Hilo aligundua akiwa kijana, kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, na mpaka leo mgeni akija nyumbani lazima aonyeshwe, hata kama amekuja kutoa pole ya msiba.

Sasa nimseme. Mume wangu hasikii. Ile mashine ya kushindilia, inayorukaruka juu ya kifusi mpaka vikombe vya jirani vinagongana kabatini, ameishika miaka na miaka bila kuziba masikio hata kwa pamba, na masikio yakaanza kumwacha polepole. Mimi niliona mapema. Simu ikiita pembeni yake, hageuki. Kwenye kwaya anaimba besi, na siku hizi anaingia wenzake wakiwa wameshatoka, mpaka mwalimu akamhamishia mstari wa nyuma. Ukimgusia, anakujibu kwamba watu wa leo wamekuwa wanong'onaji. Ukimwambia akapimwe, anawaka: "Nipimwe nini? Mimi ni babu?" Na kuna tabia yake moja inayonichosha kuliko zote. Unaongea, yeye anaitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hajaambulia hata neno.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, akubali. Akubali kwamba hasikii na akapimwe, kabla hajapigiwa honi ya mwisho na lori la mchanga pale barabara ya Moshi. Nilikuwa naogopa, sina sababu ya kuficha. Akichelewa kurudi, nilikuwa nashindwa hata kumenya ndizi.

Basi, Dokta Agnela akaleta mambo yake. Huyu ni Mchaga wa Machame, ana kliniki ya meno karibu na stendi, na kazi hakosi. Maji ya huku kwetu yana madini, watoto wanaota meno ya rangi ya chai, wengine yanamomonyoka kabisa. Wakifika kwake wanalia kabla hata hajawagusa. Dokta akaona dawa ni samaki. Si hawa wa mtoni, alitaka wa baharini, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ili mtoto akae anashangaa mpaka zamu yake ifike. Akanunua tangi la kioo refu kama meza ya kulia chakula, akaliweka chumba cha kusubiria. Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu wa kupanga mawe na mchanga chini yake. Fundi wa mawe na mchanga aliyemfahamu alikuwa mmoja, kwa sababu ndiye aliyemtengenezea ua. Alipopiga simu nilipokea mimi. Simu za Gadiel napokea mimi.

Wiki ile hatukulala kwa maswali. Gadiel hajawahi kuiona bahari. Aliwahi kufika Dar kwenye harusi, akashinda siku nzima ukumbini akigeuzageuza pevingi za watu. Sasa akawa ananiuliza mimi, muuza parachichi: kule chini ya bahari mchanga unasawazishwa na nini? Mawe yanakaaje bila kuzama? Na hao samaki wanalala juu ya jiwe au chini yake? Nikamwambia akamuulize dokta. Akasema dokta anaongea chinichini mno.

Vifaa vikaja kwa basi kutoka Dar, kwa jamaa mmoja anayefuga samaki wa baharini. Mchanga mweupe ulikuwa kwenye viroba. Mawe yalikuwa kwenye maboksi, yamefunikwa magazeti yaliyolowa, kwa sababu yalikuwa yamekaa kwenye matangi yake miaka mingi na hayakutakiwa kukauka. Yalinuka, nyie! Gadiel akanyanyua moja, akalipimapima mkononi.

"Hili jiwe gani, jepesi kama andazi?" akasema. "Limeliwa hili. Ona matundu."

Kisha akawasha tochi ya simu na kuchungulia tundu moja baada ya jingine. Paskalina, nesi wa pale, aliniambia baadaye kwamba alidhani fundi anatafuta kitu kilichompotea.

Alijaribu kuuombea kazi mchanga wa Kikwe, nao uende ukae baharini. Dokta akakataa, una chuma, utaharibu maji. Maji yenyewe hayakuwa ya bomba. Yalikuwa ya mvua, kama haya tunayokinga hapa kwa ajili ya watoto wachanga, na dokta akayachanganya na chumvi iliyokuja na mzigo. Gadiel akanuna kidogo kwa ajili ya mchanga wake, halafu akaanza kazi.

Na kazi aliifanya. Aliosha ule mchanga mweupe kwenye mabeseni mpaka maji yakatoka safi. Akaumwaga chini ya tangi, akaupitishia rula ya ubao, akaweka pima maji, akasawazisha, akaushindilia kwa viganja. Juu yake akapanga mawe, dogo kwa dogo, na lile kubwa kuliko yote akalisimamisha katikati. Kwa pevingi ndivyo ilivyo, mchanga kwanza, kitofali baadaye, na yeyote anayefanya kinyume hajui kazi. Maji yalipojazwa na kutulia alinipiga picha akaniletea nyumbani. Samahani, alilipiga picha tangi. Lilipendeza, nikaona fahari, nikawaonyesha wenzangu sokoni.

Samaki walikuwa hawajaja. Kumbe tangi linaachwa kwanza wiki kadhaa, maji yazoeane na mawe. Ndipo Paskalina alipoanza kusikia mlio.

Ta!

Ulikuwa mlio mkavu, mmoja, kama mtu amepiga ukucha kwenye glasi. Paskalina aliruka kwenye kiti, akaenda kukagua kioo. Hakina ufa. Saa moja baadaye, ta! Wagonjwa nao wakausikia. Mama mmoja akamchukua mwanawe akasogea mlangoni, akisema kioo kikipasuka maji yote yale yatawamwagikia. Wengine wakasema ni jiwe linalia, na tangu siku hiyo habari ikawa jiwe la dokta linalia. Dokta akanipigia simu, nimtume fundi wake.

Gadiel akaenda, akakaa mbele ya tangi, akangoja. Hakusikia kitu. Akasema hamna kitu hapa, tangi ni zima. Wakamwambia limelia sasa hivi. Akacheka, akadhani anataniwa. Wakamwambia tena limelia. Akaacha kucheka, akachukua kofia yake akaondoka, na jioni ile nyumbani hakuna aliyesemeshwa, hata mbwa.

Kesho yake nilikwenda naye. Nilikuwa na jino langu la muda mrefu, na ukweli nilitaka pia kuona. Chumba kilikuwa kimejaa. Tulikaa kwenye benchi, mimi na yeye bega kwa bega, tunatazama yale maji matupu.

Ta!

Niliruka. Kila mtu mle ndani aligeuza kichwa kwa wakati mmoja, wakubwa na watoto, hata bibi mmoja aliyekuwa anasinzia. Kichwa kimoja tu hakikugeuka. Na Gadiel akakiona hicho. Aliona vichwa vyote vinageuka, akaniangalia mimi, akaangalia tangi, na nikaona anapiga hesabu zake mwenyewe kimyakimya.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Ta," nikamwambia.

Hakugomba. Akarudisha macho kwenye kioo. Sijawahi kumwona mume wangu mpweke namna ile, katikati ya watu, na roho iliniuma mpaka jino nikalisahau. Nilitaka nimwambie unaona sasa, twende ukapimwe. Nikashindwa kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka.

Kuanzia hapo akawa kila akimaliza kazi anapitia kliniki. Anapiga magoti mbele ya tangi na vumbi lake la saruji, anatazama. Paskalina anafagia, anamzunguka. Nilidhani anaendelea kubisha kimoyomoyo. Kumbe yule mtu wa sumaku alikuwa ameamka. Siku moja akarudi nyumbani anatembea haraka, hata viatu hakuvua.

"Mama Hope, kuna mtu anachimba chini ya jiwe langu."

"Mtu?"

"Mchanga wangu niliuacha sawa kabisa. Leo kuna kilima kidogo, hivi, na tundu pembeni. Nimekaa nikaona punje zinatoka. Zinasukumwa kutoka ndani. Halafu zinatulia. Halafu Paskalina anashtuka. Kila zikitulia, ukingoja kidogo, Paskalina anashtuka."

Nikamwangalia. Alikuwa amemgeuza nesi wa watu kuwa kengele yake. Watu wote mle ndani walikuwa wanausikia mlio na hakuna aliyejua umetoka wapi. Yeye ambaye hakuusikia ndiye aliyekuwa amepata mlango wa mwenye huo mlio, ila hakuweza kuapa, kwa sababu alihitaji sikio na hakutaka kuliomba.

"Na kuna jingine," akasema, sauti ikashuka. "Jiwe kubwa limeinama. Niliacha upana wa kiganja kati yake na kioo. Sasa haviingii vidole vitatu."

Asubuhi nilifuatana naye. Dokta akampigia yule jamaa wa Dar, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Jamaa alipoambiwa habari ya mlio akacheka. Akasema huyo ni kamba mdogo aliyesafiri ndani ya jiwe. Ana gando moja kubwa, mkono wa kubania kama wa kaa, na akilifumba kwa nguvu linalia kama bunduki, ndivyo anavyowapiga wadudu anaowala. Ni mchimbaji pia. Halafu akauliza: "Mawe yamekalia kioo au yamekalia mchanga?"

"Mchanga," dokta akasema.

Jamaa akapandisha sauti. "Dokta, nilikwambia mawe kwanza. Yakae kwenye kioo, chini yake karatasi ya plastiki, mchanga unafuata pembeni. Huyo akimaliza kuchimba, jiwe litamwangukia yeye au litaangukia kioo."

"Nilimwambia fundi!" Dokta akageuka. "Siku ile ile nilimwambia. Nilikuwa hapo mlangoni, yeye ameinama amenipa mgongo anasawazisha, halafu akaniitikia kwa kichwa."

Nakijua kile kichwa. Nilihisi uso unaniwaka moto kana kwamba ni mimi niliyekosea.

Gadiel alikuwa kwenye kioo chake, hana habari. Alipogeuka akakuta wote tunamtazama. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikamweleza neno kwa neno, bila kupunguza. Kwamba yule ni kamba. Kwamba dokta alimwambia mawe kwanza, na yeye hakusikia, akaitikia.

"Pevingi bila mchanga chini inacheza," akasema.

"Hii si pevingi, Baba Hope."

Naijua historia yake. Gadiel hajawahi kubomoa kazi yake, hata moja, na kwa hilo amejisifu kwenye kila sherehe tuliyowahi kualikwa. Nikajiandaa kwa ugomvi. Nikawa natafuta maneno ya kumwomba dokta radhi.

"Huyo kamba," akasema, "jiwe likimwangukia?"

"Atakufa."

"Kabla hatujamwona?"

"Ndiyo."

Akavua kofia akajikuna kichwa, muda mrefu. "Nitabomoa," akasema.

Tukapanga Jumamosi mchana, kliniki ikiwa imefungwa. Nilibeba loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, kwenye chombo kwa sababu nilijua kazi itakuwa ndefu. Tulikuwa wanne: mimi, Gadiel, dokta aliyetoka kumng'oa mtu jino la mwisho la siku, barakoa bado usoni, na Paskalina. Dokta akazima pampu, chumba kikatulia. Ndoo zikajazwa maji ya tangi lenyewe ili mawe yasikauke. Shida ilikuwa moja, na jamaa wa Dar alikuwa ameshaisema: yule kamba anaweza kuwa ndani ya tundu la jiwe lolote, au kwenye shimo lake chini ya lile kubwa. Usipojua yuko wapi, ukinyanyua vibaya unamponda.

Gadiel alikunja mkono wa shati mpaka begani. Akasimama juu ya kigoda, mkono ndani ya maji, na hakugusa kitu. Nikadhani ameghairi.

"Mimi sitajua akilia," akasema. Alisema akiangalia maji. "Mimi sisikii. Anayesikia anishike bega."

Nimeolewa naye miaka mingi, na hayo maneno nilikuwa nimeyangoja kwa muda mrefu, nikiwa nimejipangia hotuba yangu ya ushindi. Yote ilipotea. Nilisogea nikaweka kiganja juu ya bega lake, nikakiacha hapo.

Tulianza na yale madogo. Analitoa moja, analishusha kwenye ndoo, tunasikiliza. Hakuna. La pili, hakuna. Dokta alikuwa amechuchumaa kwenye ndoo, sikio karibu na maji, na Paskalina alikuwa amezuia pumzi. Hakuna mtu aliyekumbuka kwamba tunahangaikia mdudu asiyefika urefu wa kidole. Yalipokwisha madogo, lile kubwa likabaki peke yake, limeinamia kioo.

Ta!

Nikambana bega. Akasimama kama alivyo. Nikamwonyesha kwa kidole, chini, upande wa kushoto. Akasogeza mkono polepole, vidole vimekunjuka, mpaka karibu na lile tundu.

Ta!

Kabla hata sijambana, Gadiel aliruka akapiga kelele, maji yakaturukia sote.

"Nimemsikia!" akasema. "Amenipiga kidoleni! Maji yamenipiga! Mama Hope, nimemsikia!"

Alicheka kama mtoto. Akarudisha mkono kwa makusudi, akapigwa tena, akacheka tena. Akatuita mmoja mmoja tuingize vidole. Mimi niliogopa, ila niliingiza, na ni kweli, ule mlio unaushika mkononi kabisa. Akalinyanyua jiwe kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemnyanyua mtu aliyelala, na kule chini kwenye shimo tukamwona. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mdogo, gando moja limemzidi kimo, amesimama mlangoni kwake tayari kupigana na sisi wote.

Dokta akamteka kwa kikombe, akamweka kwenye ndoo yake. Gadiel akauchota mchanga wote kwa sahani ya plastiki, akatandika karatasi kwenye kioo, akaanza upya. Safari hii hakutumia pima maji. Alipanga mawe matatu madogo kama mafiga, akayatingisha, yakakataa kutingishika, akaweka lile kubwa juu yake kama chungu. Mchanga ukafuata, akaumwaga pembeni kwa kikombe. Chini katikati ya mafiga akaacha chumba. Yule kamba aliporudishwa majini alizunguka kidogo, akaingia humo, na hatukumwona tena.

"Achimbe sasa," Gadiel akasema. "Achimbe mpaka achoke."

Pampu ikawashwa. Tukawa tunafuta sakafu, dokta anamsemesha jambo huku anakusanya ndoo. Nikaona shingo ya mume wangu inaanza kuitikia, ndiyo, ndiyo. Kisha ikasimama katikati.

"Dokta," akasema, "hebu shusha hiyo barakoa. Niuone mdomo."

Dokta akaishusha mpaka kidevuni. Nami nikabaki na tambara mkononi. Mezani Gadiel hukaa mbele yangu, haketi pembeni, na ninapoongea haondoi macho usoni mwangu. Nimejisifu kwa dada zangu kwa ajili ya macho yale. Nimewaambia, wenu wanatazama televisheni, wangu ananitazama mimi. Kumbe ni mdomo aliokuwa akiufuata.

"Nilikuwa nasema asante," dokta akamwambia.

"Karibu," Gadiel akajibu. "Sasa niambie, taratibu. Wewe ni wa meno. Wa masikio yuko wapi?"